XSD imelipitisha faili, lakini tarehe zimepinduka

Swali: Nimeandika skima ya XSD (lugha ya kueleza faili la XML linapaswa kuwaje) kwa mafaili yetu ya miradi. Kila mradi una elementi ya mwanzo na ya mwisho, zote za aina ya xs:date. Kuna faili ambalo mwisho wake uko kabla ya mwanzo, na bado xmllint, programu ya kukagua XML, inasema ni halali. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea. XSD 1.0, iliyopitishwa na W3C (shirika la viwango vya wavuti) mwaka 2001, hukagua ni elementi zipi zipo, kwa mpangilio gani, mara ngapi, na kama kila thamani inafuata aina yake. Ungeandika 2024-02-30 ingeikataa papo hapo, kwa kuwa siku hiyo haipo. Lakini kusema kwamba tarehe hii isitangulie ile, haiwezi.

XSD 1.1 ya mwaka 2012 inaweza: ndani ya aina ya mradi unaongeza sharti, xs:assert, yenye test="mwisho ge mwanzo" (ge maana yake ni kubwa kuliko au sawa na), basi. Tatizo ni kwamba xmllint haiielewi 1.1, hivyo itakubidi uhamie kikaguzi kingine, Xerces ya Java au Saxon EE.

Mimi ningebaki na XSD yako kwa ajili ya umbo, kisha uhusiano wa thamani niukabidhi Schematron (ISO/IEC 19757-3), lugha ya kuandika kanuni za kukagua XML. Unaandika kanuni yenye context="mradi" na sharti xs:date(mwisho) ge xs:date(mwanzo). Ujumbe wa kosa unauandika mwenyewe: "Mradi hauwezi kuisha kabla haujaanza." Anayejaza faili ataelewa mara moja, na kwangu hilo ni jambo kubwa. Usisahau queryBinding="xslt2", maana XPath 1.0, toleo la zamani la lugha ya kuandikia masharti haya, haijui tarehe, na kiambishi xs kitangaze kwa sch:ns, elementi ya Schematron ya kutangaza viambishi.

Sasa mtego wenyewe. Ikiwa mafaili yako yana xmlns juu kabisa, yaani yametangaza nafasi ya majina (kundi ambalo majina ya elementi zake ni yake), context="mradi" haitakutana na elementi yoyote. Kanuni haitaamka, na ripoti itatoka safi kana kwamba kila kitu ni sawa. Tangaza nafasi hiyo ya majina pia kwa sch:ns, ukiipa kiambishi kama m, kisha andika m:mradi, m:mwanzo na m:mwisho.

Kwa hiyo lile faili lenye tarehe zilizopinduka usilisahihishe. Tunza nakala yake kando, uipitishe kwenye ukaguzi kila unapogusa kanuni. Siku nakala hiyo itakapopita bila kosa, ujue kanuni imelala.