Pesa ya mizani na kijaluba cha Marekani: maswali yenu

Mwezi huu ujumbe mwingi niliopokea unauliza jambo moja kwa sura tofauti: nilipe sarafu zangu za zamani zipelekwe Marekani zikapimwe na kupewa daraja, au niziache zilivyo? Nimechagua sita. Majina ya wenyewe nimeyaacha makwao.

Asalaam aleikum Ami. Bibi yetu alipofariki tulikuta chini ya kasha lake bati la biskuti lenye pesa za mizani 14, zile sarafu za shaba za zamani, na reale mbili, sarafu kubwa za fedha. Binamu yangu aliyeko Maskati anasema tuzipeleke Marekani zipewe daraja, zikirudi bei inapanda mara kumi. Ni kweli? – Wete

Waaleikum salaam mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu bibi. Binamu yako hasemi uongo, ila kasimulia nusu ya habari.

Zipo kampuni za kazi hiyo. Zinazojulikana zaidi ni PCGS na NGC, zote za Marekani, zote za miaka ya 1980. Unawapelekea sarafu, wataalamu wao wanaitazama kama ni halali, wanaipa namba kati ya 1 na 70, kisha wanaifungia ndani ya plastiki ngumu isiyofunguka bila kuvunjwa. Mie nakiita kijaluba. Ndani yake kuna kibandiko chenye jina la sarafu, daraja lake na namba ya usajili. Kipimo hicho cha 70 kilianza 1949 na Daktari William Sheldon, aliyekibuni kwa ajili ya senti kubwa za zamani za Kimarekani. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijapata kutumika sokoni.

Sasa toa moja ya hizo pesa za bibi uiweke kiganjani. Upande mmoja utaona maandishi ya Kiarabu yenye jina la Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar. Ugeuze: mizani, na chini yake ١٢٩٩, yaani 1299 Hijria, sawa na 1882 hivi. Tazama vikombe vya mizani. Kama nyuzi zake zimefutika na vikombe vimekuwa kama madoa mawili, basi hiyo imepita mikono ya wauza samaki na wauza muhogo miaka na miaka, na namba yake itakuwa ya chini hata ikipimwa na nani. Sarafu hizi zilipigwa kwa wingi sana. Iliyochakaa huuzwa dola chache tu. Nzuri kidogo huvuka 10.

Tuseme ada ya kupima ni dola 25 kwa sarafu, na mara nyingi ni zaidi. Kumi na nne ni dola 350. Ongeza ada ya uanachama au ya wakala, kwa kuwa hawapokei kutoka kwa kila mpita njia. Ongeza usafirishaji wa kwenda, bima, na usafirishaji wa kurudi. Hapo umeshatumia hela nyingi kuliko thamani ya bati zima, pamoja na biskuti zilizokuwamo.

Wewe mtu wa Wete karafuu unazijua. Unazipeleka kituoni, zinatazamwa, unaambiwa daraja la kwanza, la pili au la tatu, na hela unapokea wewe. Kwenye sarafu mambo yamepinduka: anayepanga daraja unamlipa wewe, na akishapanga hanunui. Tena mpeta, ile karafuu mbovu, ni mpeta tu, hata ukiufunga kwenye gunia jipya.

Hiyo mara kumi ya binamu ipo, lakini ni ya sarafu ambayo haikutumika kabisa na bado ina rangi yake ya kutoka mtamboni. Kama kati ya 14 ipo moja ya namna hiyo, nitumie picha. Zilizobaki gawaneni wajukuu, kila mtu na ukumbusho wake.

Ami, mimi nimeshazisafisha kwa ukwaju ili zitoke vizuri kwenye picha. Zimeng'ara mno. Nimeharibu? – Mwanakwerekwe

Umeharibu, bi dada, lakini karibu kwenye chama, maana mwenyekiti wake ni mie.

Nilipokuwa skuli nilikaa ukumbini na bakuli la ukwaju na majivu ya jikoni, nikasugua pesa za babu moja moja kama mama anavyosugua sufuria ya shaba siku ya kuamkia Idi. Ziling'ara kweli, kwa rangi ya waridi. Babu alitazama, akasema "ahsante", akaondoka. Nilidhani kafurahi.

Miaka mingi baadaye nilipeleka tatu katika hizo ng'ambo kwa kupitia mfanyabiashara mmoja ambaye simtaji. Alinitoza ada yake juu ya ada ya kampuni, na zilikaa huko miezi saba. Mbili zilirudi ndani ya vijaluba bila namba yoyote, kibandiko kimeandikwa kwamba ni halali lakini imesafishwa. Ya tatu ilipata namba, nikaiuza kwa bei isiyofikia hata ada niliyolipa. Vile vijaluba viwili ninavyo mpaka leo. Mjukuu wangu anavitumia kama vigae vya kuchezea.

Shaba ikikaa hufanya ngozi yake ya hudhurungi taratibu, na mkusanyaji anailipia ngozi hiyo. Asidi ya ukwaju au ndimu huichuna, na majivu huacha mikwaruzo midogo ambayo mtaalamu huiona kwa lenzi mara moja. Hairudi. Ukiziacha zitapiga weusi tena baada ya miaka, ila si ule wa mwanzo. Kwa hiyo usilipe kupima hata moja. Na kwa wengine wote: picha inahitaji mwanga wa dirishani, haihitaji ukwaju.

Nina reale ya fedha imeandikwa 1780. Miaka zaidi ya 240! Na nitajuaje kama si ya bandia? – Chake Chake

Tarehe hiyo isikushtue. Wazee waliiita reale ya Sham, na yule mama aliyechorwa ni Maria Theresa, malkia wa Austria aliyekufa mwaka huohuo wa 1780. Wafanyabiashara wa pande zetu, Uarabuni na Uhabeshi walikuwa wameizoea sura yake na hawakutaka nyingine, kwa hiyo viwanda viliendelea kuipiga kwa tarehe ileile: Vienna, na baadaye hata Roma, London, Paris na Bombay. Yako huenda ilipigwa wakati baba yako yupo skuli. Ndiyo maana bei yake mara nyingi haiendi mbali na bei ya fedha iliyomo.

Kuijua, nenda kwa sonara mwenye mizani ya kuaminika. Uzito wake ni gramu 28.07, kwenye reale iliyolika utapungua kidogo. Upana ni kama milimita 40. Kati ya gramu hizo, fedha safi ni 23.39, zilizobaki ni shaba. Sumaku isiishike. Halafu itazame ukingoni, si usoni: pana maandishi ya Kilatini na mapambo yanayozunguka ukingo mzima. Waigizaji wavivu huishia usoni.

Kama imetobolewa au ina kikonyo cha kuvalia mkufu, kama nyingi zilivyo hapa kwetu, kampuni za kupima zitaiandika kuwa na kasoro. Lakini mie reale ya mkufu naipenda kuliko iliyo nzima. Ile nzima inaweza kuwa ya popote. Yenye kikonyo ilikaa shingoni mwa mtu, na kama ni bibi yako unamjua kwa jina. Usimpe sonara aondoe kikonyo ili "iwe safi". Utabaki na kovu na hadithi umeipoteza.

Jambo moja zaidi, kwa wanaonunua mtandaoni: hata vijaluba vyenyewe vinaigizwa siku hizi. Chukua namba iliyo kwenye kibandiko, iingize kwenye tovuti ya kampuni husika, na pale wanapoweka picha, linganisha mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Nina senti kumi ya Afrika Mashariki yenye tundu, ya 1936, imeandikwa jina la Edward VIII. Huyu mfalme hakumaliza mwaka. Si adimu hii? – Jang'ombe

Hesabu yako ya historia ni sahihi, ya soko ndiyo imekwenda kombo. Edward VIII wa Uingereza aliacha kiti Disemba 1936 bila kuvikwa taji. Sarafu zenye sura yake karibu hazipo kabisa, lakini zenye tundu hazihitaji sura, zinahitaji jina tu, kwa hiyo zilipigwa mapema na kwa wingi. Ndiyo maana watu huko nje huzinunua kwa urahisi: ni njia rahisi ya kuwa na jina la mfalme huyo mkononi. Dola moja, mbili, tatu. Usipeleke popote.

Aliyeniuliza kuhusu kilo nzima ya shilingi za mwenge zenye sura ya Mwalimu, jibu ni hilohilo. Na shilingi za simba za Afrika Mashariki: zilizopigwa kabla ya 1948 zina robo ya fedha ndani yake, kwa hiyo zitenge na zile za baadaye. Ni robo lakini, usimwite sonara usiku.

Basi Ami, kwa Zanzibar kipi kinastahili kulipiwa? – Malindi

Swali zuri, na mie si adui wa vijaluba. Kupima kuna faida pale ambapo mnunuzi ana sababu ya kushuku na bei inabeba gharama bila kuumia.

Kwanza, riyali ya fedha ya Barghash ya 1299. Hiyo si reale ya Sham. Ni riyali yetu wenyewe, jina la Sultani wetu, na ni chache. Mnunuzi aliyeko London hatakutumia mamia ya dola kwa picha ya simu. Zile za dhahabu sitaki hata kuzizungumza. Mwenye nayo hasomi ukurasa huu.

Pili, senti za 1908 za Sultani Ali bin Hamud, zenye mnazi: 1, 10 na 20. Hazikuenea mikononi mwa watu, na ndiyo sababu leo zinatafutwa. Katika miaka yangu yote nimeishika moja tu, ya senti 1, kwenye veranda ya mzee mmoja wa Mkunazini. Aliitoa kwenye kitambaa, akanihesabia mpaka kumi, akairudisha kitambaani.

Tatu, si sarafu bali noti: rupia za Serikali ya Zanzibar zilizotoka kuanzia 1908, zenye jahazi. Ziliondolewa 1936 tulipoingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, kwa kiwango cha rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Watu walizibadilisha, kwa hiyo zilizobaki ni za waliosahau. Noti zina kampuni yao, PMG, na hapo kulipa kuna maana, kwa sababu noti hurekebishwa kwa ufundi mkubwa: mpasuko huzibwa, kunjo hupigwa pasi. Jicho la kawaida halioni.

Na hata kwa hizo, kwanza mwonyeshe mtu anayejua, kwa picha za pande zote mbili na uzito. Kuuliza ni bure. Posta siyo.

Tulipokuwa tukichimba msingi karibu na Mtambwe tumeokota visarafu vyembamba vya fedha, vidogo mno, havina tarehe. Tuvipeleke vikapimwe? – Pemba

Hapana, mwanangu, na hapa sitanii. Mwaka 1984 palepale Mtambwe Mkuu wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta zaidi ya sarafu 2,000 za fedha pamoja na dinari za dhahabu za Kifatimi (watawala wa Kiislamu wa Misri) za karne ya 11. Zile za fedha ni ndogo kama kidonge, na maandishi yake ya Kiarabu yana vina: upande mmoja unaanza ubeti, wa pili unaumaliza. Wenyeji wa Pwani hii walikuwa wakipiga fedha yao miaka mia nane kabla ya Barghash.

Kwa hiyo msivisugue, msivigawane, msimwonyeshe mnunuzi. Simamisheni jembe. Wekeni alama mahali mlipovikuta na kina chake, maana kwa mtafiti udongo uliovizunguka una habari sawa na sarafu yenyewe. Kisha nendeni kwa sheha, na pamoja naye Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Vikunjeni kimoja kimoja kwenye karatasi kavu, si kwenye mfuko wa nailoni, kwani joto letu na hewa ya chumvi vikifungiwa pamoja huanza kula fedha. Na mkienda, mchukueni na yule fundi aliyeviona mwanzo. Yeye ndiye anayejua jembe lilikuwa wapi.