Almasi ya Maabara na Umbo Lake

SWALI: Ndugu Mhariri, almasi ghafi za Mwadui ninazozifahamu hufanana na piramidi mbili zilizobandikwa chini kwa chini. Juzi nilionyeshwa picha ya almasi ghafi ya maabara, nayo ilikuwa kama dadu lililokatwa pembe zake zote. Ikiwa zote ni kaboni, mbona maumbo yanatofautiana? – Msomaji, Shinyanga

JIBU: Ndugu msomaji, umbo la fuwele huamuliwa na mashindano ya nyuso zake, ambamo mwenda pole si kwamba hajikwai tu, bali ndiye anayebaki. Uso unaokua haraka hujimaliza wenyewe, kwa kuwa kila tabaka jipya huwa dogo kuliko lililo chini yake, hadi uso mzima unaishia kuwa ncha. Chini ya ardhi, katika kina cha zaidi ya kilomita 140, nyuso zinazokawia kwa kawaida ni zile nane za piramidi zako.

Maabarani, kwa njia ya kanieneo kubwa ambayo General Electric ya Marekani ilifanikiwa nayo mwaka 1954, kaboni huyeyushwa ndani ya metali kama chuma, nikeli au kobalti, kwa kanieneo ya angahewa zipatazo 50,000 au zaidi na joto la nyuzi 1,300 hadi 1,600 za Selsiasi. Joto likiwa upande wa chini, hutoka mchemraba. Likipanda, hutoka umbo la nyuso nane. Likiwa katikati, nyuso sita za mchemraba na nane za piramidi hukaa pamoja, jumla 14. Bila shaka hilo ndilo dadu uliloliona. Sehemu zilizokua chini ya zile nyuso nane za piramidi hunasa naitrojeni nyingi zaidi, nayo ndiyo inayoleta rangi ya manjano, kwa hiyo rangi hiyo haienei sawasawa, na mkaguzi anaweza kuziona alama za mgawanyo huo hata jiwe likishachongwa.

Njia ya pili hutumia gesi ya methani kidogo ndani ya haidrojeni nyingi, kwa kanieneo iliyo chini ya ile ya angahewa, na almasi hukua juu ya kibao chembamba cha almasi, ikabaki bapa. Humo, kuongeza methani husukuma umbo kuelekea nyuso nane, ilhali kuongeza joto kwa kawaida hulirudisha kwenye mchemraba, kinyume kabisa cha njia ya kwanza.