Kabla Hujaacha Kazi Uandike Kitabu

Juzijuzi msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, nimeamua. Mwisho wa mwezi naacha kazi, nafungua jarida langu la mtandaoni, kitabu nakimalizia usiku. Wakinikataa, nitakumbuka Arianna Huffington alikataliwa mara 36."

Nilifurahi kama nusu saa hivi. Halafu usingizi ukanipaa.

Hiyo 36 naijua. Niliiandika kwa kalamu nyekundu nikaibandika juu ya meza yangu siku niliyokabidhi barua ya kuacha kazi. Na ni kweli tupu: mama huyu Mgiriki, mwandishi aliyekuja kuanzisha tovuti ya habari ya Huffington Post, mzaliwa wa Athens mwaka 1950, alikwenda kusoma Cambridge, akaongoza chama cha mdahalo cha wanafunzi pale mwaka 1971, kitabu chake cha kwanza kikatoka 1973 na kuuzika vizuri. Cha pili ndicho wachapishaji walichokigomea mara 36.

Kinachorukwa ni hapo katikati. Mwenyewe husimulia kwamba barua za kukataliwa zilipofika kama 25, pesa zilikuwa zimekata. Akawa anatembea London, mtaa wa St James's, akaona benki, akaingia kuomba mkopo. Meneja akampa. Zile barua zilizobaki alizisoma akiwa na pesa ya kula.

Mimi meneja wangu sijakutana naye mpaka leo.

Barua yangu ya tisa ya kukataliwa ilichukua miezi minane kuja, ikawa na mistari miwili, na jina langu limekosewa. Wiki hiyohiyo mwenzangu tuliyeanzisha naye jarida akasema amechoka. Simlaumu. (Namlaumu kidogo.) Nikauza kamera, ile tuliyokuwa tukifanyia mahojiano yote. Mnunuzi akaijaribu kwa kunipiga picha mimi, nimesimama mlangoni na mkoba wa kamera mtupu mkononi. Akaitazama kwenye kioo, akasema, "Inatoa vizuri." Akaondoka nayo, na mimi nikiwa ndani yake.

Miaka mitatu iliyofuata tuiruke, haina utamu. Nilirudi kuajiriwa, nikawa naandika alfajiri. Leo kitabu kipo, mwezi uliopita kimechapwa mara ya tatu, na mmoja wa wale walionikataa amenitumia pongezi. Nimeisoma mara nne. Jina safari hii wamelipatia.

Kwa hiyo mdogo wangu, ushauri wangu ni huu: weka akiba. Wa pili: weka akiba tena, maana ile ya kwanza italiwa na kompyuta itakayoharibika. Usihesabu wafuasi, hesabu miezi unayoweza kuishi bila kulipwa na mtu. Moyo wa kuvumilia tunao wengi. Kodi ya nyumba haipokei moyo.

Na mwili nao una akiba yake. Huffington alianzisha tovuti yake na wenzake mwaka 2005. Mwaka 2007 alianguka kwa uchovu, akavunjika mfupa wa shavu. Tunachopenda kukariri ni mwaka 2011, kampuni ya mtandao ya AOL ilipoinunua tovuti hiyo kwa dola milioni 315. Wapo waliokuwa wakimwandikia bila malipo, wakalalamika sana siku hiyo. Siwacheki. Nimeandika bure kwa watu kwa ahadi ya "utajulikana", nami nikiwa na jarida nikawapa vijana ahadi hiyohiyo, kwa sauti ileile. Ukiwa bosi usifanye hivyo. Kama huna cha kuwalipa, andika mwenyewe, jarida liwe jembamba.

Najua naonekana kama shangazi wa kuwakatisha watu tamaa. Ila nani mwingine atakwambia? Wanaotoa hotuba jukwaani hawasimulii siku waliyouza kamera.

Nilimjibu kwa swali moja tu: "Una akiba ya miezi mingapi?" Leo siku ya nne. Tiki zimeshakuwa za bluu.