PS5 au Xbox Series S kwa kibanda cha gemu Kondele?

Ndugu, unauliza ununue mashine ipi, PS5 ya Sony au Xbox Series S ya Microsoft, kwa kibanda chako cha Kondele, Kisumu, ukihofia gemu zinazofungiwa mashine moja. Siku hizi kufuli liko zaidi upande mmoja. Gemu za Microsoft zinahamia PS5: Forza Horizon 5 iliingia Aprili 2025. Sony hurudisha hisani kwa nadra, kama Helldivers 2 iliyoingia Xbox Agosti 2025. God of War ya 2018 ilifika kwenye kompyuta Januari 2022, lakini Xbox haijafika. Hata hivyo, wateja wengi watataka mpira, na EA Sports FC iko kote.

Kitakachokuumiza ni diski. Series S haina pa kuiingiza, kwa hiyo kila gemu utaipakua, nyingine zaidi ya GB 100, na iliyowachosha wateja huwezi kuiuza wala kubadilishana. Bando litakumaliza! Chukua PS5 ya diski. Ukipata ya Digital, yaani isiyo na pa kuingiza diski, kwa bei nafuu, iwe ile nyembamba iliyotoka 2023. Hiyo hupokea kisoma diski cha kuongeza, ya awali haipokei. Kisoma hicho kikifungwa mara ya kwanza lazima intaneti iwepo, la sivyo hakitafanya kazi. Na weka UPS, betri ya akiba ya umeme: stima ikipotea gemu ikijihifadhi, faili huweza kuharibika.