Kwa dada wa Wete aliyeuliza kama kuchoka kwake ni upungufu wa subira

Dada yangu, nimekusoma mara mbili. Umesema upo mwaka wa tatu kwenye jumuiya moja isiyo ya kiserikali hapo Wete, Pemba, mkataba unaandikwa miezi sita sita, mshahara umelala miezi miwili, na ukifungua mdomo mkurugenzi anakwambia "hii si kazi, hii ni ibada". Tangu Februari unajifungia chooni unalia. Unataka kujua kama una upungufu wa subira, na kama uwache.

Walionitangulia kukujibu, nusu wamekwambia usubiri na nusu wamekwambia utoke leo leo. Mimi nakupa yaliyonipata, upime mwenyewe.

Nilifanya kazi hizi miaka saba, Chake Chake, kwenye jumuiya inayoshughulikia udhalilishaji wa wanawake na watoto. Kwenye karatasi nilikuwa afisa mradi. Pia nilikuwa dereva, mpiga picha, mlipa posho na, mkutano ukijaa, mgawa soda. Pikipiki ilikuwa yangu. Mafuta ya kwenda Micheweni na kurudi yalirejeshwa "fedha zikiingia", nazo zikiingia ulikuwa mwezi wa tatu au wa nne, tena kwa risiti. Hebu mwambie yule bwana anayeuza mafuta kwenye chupa kando ya njia akuandikie risiti yenye muhuri!

Lakini mafuta hayakunimaliza. Kuna mama mmoja wa huko kaskazini, kijiji sikitaji, mtoto wake alikuwa na miaka minane. Nilikwenda nao polisi, nikawafikisha kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, kile cha kuwahudumia waliodhalilishwa, nikakaa nje na mtoto tunakula kashata wakati mama yake anahojiwa. Kesi ilianza vizuri. Baada ya wiki sita nikapigiwa simu: wazee wamekaa, wamesuluhisha, mshitakiwa ni mtu wa ukoo, shahidi hatokwenda mahakamani. Nikapanda pikipiki mchana ule ule. Nilimkuta mama anaanika mwani, hakuniangalia. Akasema, "Mwanangu, wewe utarudi Chake. Mimi nitabaki hapa hapa na hawa."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sinalo.

Usiku wake nilikuwa nadaiwa ripoti ya robo mwaka. Fomu iliuliza idadi ya watoto waliofikishwa kituoni. Nikaandika, na yule mtoto akiwemo. Alihesabika kuwa mafanikio, maana kipimo chetu kilikuwa kufika kituoni. Kama haki imepatikana au haikupatikana, fomu haikuwa na mahali pa kuandika.

Zikaja kesi nyengine kama hiyo, na nyengine. Siku moja mama mwengine analia mbele yangu, mimi naangalia saa na kufikiria risiti. Sikuhisi kitu. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu kulia nilishazoea, lakini kutohisi kulikuwa kugeni kwangu.

Baadaye nikasoma. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii ya kuchoshwa na kazi, kwa Kiingereza "burn-out", katika toleo la 11 la orodha yake ya maradhi. Halikuiita ugonjwa, limesema ni jambo la kazini, linalotokana na shinikizo la muda mrefu ambalo halikushughulikiwa. Alama zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yako au kuidharau, na kujiona huna tena unachokiweza. Nilikuwa nazo zote. Na mtu aliyeanza kuiandikia kitaalamu, Herbert Freudenberger, mwaka 1974, hakuitoa benki wala kiwandani. Aliiona kwenye zahanati ya bure New York, kwa watu wa kujitolea, naye mwenyewe akiwa mmoja wao. Kwa hiyo huyo anayekwambia wanaochoka ni wasio na moyo, mwambie historia inamkataa.

Sasa hili la ibada. Mkurugenzi wetu hakuwa mwizi, namshuhudia. Kuna miezi yeye mwenyewe hakupokea. Tatizo nililiona siku niliposhirikishwa kuandika andiko la mradi. Kila mfadhili anataka fedha zifike "kwa walengwa", na gharama za uendeshaji zinabanwa. Kwa ruzuku za serikali ya Marekani, kwa mfano, taasisi isiyokuwa na kiwango chake ilichokubaliana nao iliruhusiwa kuhesabu asilimia 10 tu kwa gharama hizo, mpaka Oktoba 2024 walipopandisha kuwa asilimia 15. Humo mna kodi ya ofisi, umeme, intaneti, mhasibu, ukaguzi wa hesabu. Jumuiya nazo zinashindania fedha hizo hizo, kila mmoja anajishusha ili apate. Panapopungua panajazwa na usiku wako na mafuta yako, halafu panaitwa kujitolea. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, watu waliokuwa wakilipwa kwa fedha zile waliambiwa wawache kazi. Ibada gani inasimamishwa kwa barua pepe?

Thawabu zako ni zako na Mola wako, haziingii kwenye bajeti ya mtu.

La kufanya kabla ya kuamua lolote: nenda ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ukaombe taarifa ya michango yako. Mimi karatasi ya mshahara ilionesha nakatwa kila mwezi. Nilipokwenda kuangalia, miezi kumi na minne haikupelekwa. Nilikaa kwenye benchi pale nje mpaka adhana ya Adhuhuri. Zililipwa baadaye, kidogo kidogo, kwa sababu nilikuwa na karatasi zote. Kwa hiyo weka zako. Madai ya mshahara yaandike kwa barua, upate nakala iliyopokelewa, na usimalize mambo kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Na wale wanaokutumia vifungu vya sheria ya bara, wasikupoteze: kazi si jambo la Muungano. Sisi tuna Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005, na mlango wako ni Kamisheni ya Kazi. Jumuiya kusajiliwa kuwa jumuiya hakuiondoshei uajiri.

Jambo jengine, usiende peke yako. Sisi tulikwenda watatu, na daftari la saa tulizofanya kazi mwezi mzima, pamoja na simu za saa sita za usiku. Mkurugenzi alikasirika, akatuita wapenda dunia. Wiki mbili hakutusalimia vizuri. Lakini andiko lililofuata aliturudia, tukaingiza mstari wa mafuta na mstari wa mshauri nasaha wa kukaa na sisi wafanyakazi mara moja kwa mwezi. Mfadhili alikubali bila hata kuuliza. Niliumia zaidi kwa hilo kuliko ningeumia angekataa: miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuomba.

Mimi hata hivyo niliwacha, miezi minane baadaye. Mambo yalikuwa afadhali, ila mimi nilikuwa nimeshachelewa. Sasa nafundisha skuli, mshahara mdogo, nalala. Mwenzangu mmoja kati ya wale watatu yupo mpaka leo na anaipenda kazi yake, kwa hiyo sitokwambia utoke wala ubakie.

Kulia chooni tangu Februari lakini usikufanyie mzaha. Mwone daktari wiki hii, umwambie kama ulivyotuambia sisi, usiseme "kichwa tu".

Na ukipata ile taarifa ya ZSSF, rudi hapa utuambie miezi mingapi haipo. Kuna watu humu wanajua kuandika barua ya madai, nami mmojawapo.