Barua kwa mwanangu: bima ya fleti yako, anza na karatasi za HOA

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako nimeisoma nikaona jibu lake haliwezi kutosha kwenye WhatsApp, ndo maana nakuandikia kwa kirefu. Umeuliza kitu cha maana kabisa: kama HOA, yani umoja wa wamiliki wa fleti za jengo lenu hapo St. Paul, Minnesota, tayari ina bima, na wewe unailipia humo humo kwenye ada ya kila mwezi, sasa hii nyingine benki wanayoidai ni ya nini, na uchukue ipi kati ya zile mbili alizokutumia ajenti, ya bei rahisi au ya juu. Usisaini yoyote bado mama. Huyo ajenti amekupa bei bila kuona karatasi za jengo lenu, amejuaje bima ya HOA inaishia wapi na yako inaanzia wapi?

Waandikie menejimenti leo wakupe vitu viwili, ile dekleresheni ya jengo, yani hati ya kisheria inayosema kipi ni cha HOA na kipi ni chako, pamoja na masharti yake, na muhtasari wa bima kuu, yani ile ya HOA, ya mwaka huu, siyo ya mwaka juzi. Bima za majengo hazifanani. Kuna zinazobeba paa, kuta, korido na lifti tu, ukishaingia ndani sakafu na kabati na masinki ni yako wewe. Kuna zinazorudisha fleti kama ilivyokuwa siku jengo linakamilika lakini chochote kilichoboreshwa baadae hazikitambui, na kuna zinazobeba mpaka maboresho. Wewe fleti yako aliyekuuzia alishavunja jiko lote akaweka graniti na sakafu ya mbao, kwa hiyo kama jengo lenu liko kwenye hiyo aina ya pili, moto ukitokea HOA watakurudishia jiko la kizamani na tofauti yote inabaki kwako.

Bima ya mwenye fleti wanaiita HO-6. Kipande cha A ndo cha mjengo wa ndani, na fomu ya kawaida inaanza na dola 5,000 tu, hela ambayo haimalizi hata hizo kabati. Kwa hiyo swali la ajenti kwamba unataka A kiasi gani usilijibu kwa kukisia, muite fundi akwambie kujenga upya jiko, bafu na sakafu kwa bei za sasa ni kiasi gani, alafu hiyo namba ndo umpelekee ajenti.

Sasa nisikilize vizuri hapa kwenye didaktibo, ile hela inayotolewa kwanza kabla bima haijalipa chochote, maana mimi nimekaa kwenye bodi ya jengo letu na hapa ndo nimeona watu wanaumia. Didaktibo ya bima kuu siyo dola mia tano kama ya gari, majengo mengi imepanda sana. Chukulia ya kwenu ni dola 25,000, bomba la mashine ya kuosha vyombo la jirani wa juu linapasuka, maji yanashuka kwako yanaharibu vitu vya dola 18,000. Bima kuu hapo hailipi hata senti kwa sababu hasara haijafika didaktibo. Na hata ikizidi, sheria ya Minnesota inayosimamia haya majengo inairuhusu HOA iichukue hiyo didaktibo kwenye gharama za wote, au iipige kwenye fleti zilizoathirika, yani inaweza kukujia wewe hata kama bomba siyo lako. Kwa hiyo A yako ihesabu jiko lako PAMOJA na hiyo didaktibo, na muulize ajenti akujibu kwa maandishi, siyo kwa simu: HOA wakinitwisha didaktibo yao hii bima inalipa au hailipi, na mwisho dola ngapi?

Nasisitiza hayo maandishi kwa sababu kuna kipande kingine cha mchango wa hasara, pale HOA inapowagawia wamiliki wote hasara iliyozidi bima. Fomu ya kawaida inatoa dola 1,000. Unaweza kukipandisha, lakini ile nyongeza ya kawaida ina mstari mdogo unaosema mchango ukitokana na didaktibo ya jengo mwisho ni dola 1,000 ile ile, hata kama umenunua 50,000. Na huku kwetu mvua ya mawe ndo balaa la paa, mara nyingi didaktibo yake ni asilimia ya thamani ya jengo: jengo la dola milioni 10 kwa asilimia 2 ni dola 200,000, mkigawana fleti 40 kila mtu 5,000. Wapo wanaouza bima isiyo na huo mstari, mtafute huyo, mimi ningelipa zaidi kidogo kwa ajili ya hilo kuliko kitu kingine chochote kwenye hiyo bima.

Ila mchango wa matengenezo ya uchakavu hakuna HO-6 inayolipa. Lile jengo la Champlain Towers South kule Surfside, Florida, lililoanguka tarehe 24 Juni 2021 likaua watu 98, wamiliki walikuwa wameshaambiwa wachangie karibu dola milioni 15 za ukarabati. Kwa hiyo ukipewa hizo karatasi angalia pia HOA ina akiba gani.

Mengine nayapitia haraka. Vitu vyako vya ndani omba vilipwe kwa bei ya kununua vipya, ukikaa kimya watakukatia umri wa kochi. Dhahabu aliyokupa bibi yako ikiibiwa mwisho wa kawaida ni dola 1,500, iandikishe peke yake. Maji machafu yanayorudi kutoka kwenye mabomba ya choo hayamo, yanaongezwa kwa hela kidogo, ongeza. Dhima kwa watu wengine, yani ukidaiwa kwa kumdhuru mtu au mali yake, usibaki na dola 100,000, chukua 300,000, tofauti ya bei ni ndogo na wewe una chumba juu ya mtu. Angalia pia kama kuna hela ya kukutafutia pa kulala wakati fleti inatengenezwa, ukarabati huku unaweza kula miezi.

Na kitu cha mwisho, najua Disemba unataka kwenda Dar kwa bibi. Usizime hita ukidhani unaokoa bili. Mabomba yakiganda yakapasuka na ikaonekana hukuacha joto wala hukufunga maji na kuyamwaga kwenye mabomba, bima ina haki ya kukataa. Acha hita kwenye nyuzi 55 za Fahrenheit, kipimo cha huku, na ufunguo mwachie mtu awe anapita kuangalia.

Zikifika hizo karatasi nitumie zote hata kama ni kurasa mia, nazisoma wikendi hii alafu tunampigia ajenti pamoja.

Baba yako