Fundi wa Foleni: Mbona aliyekuja jana kanipita?

*Shikamoo mama. Nasoma shahada ya pili, naishi Soweto hapa Moshi. Msimamizi wangu kanipatia akaunti kwenye kompyuta kubwa ya ng'ambo nikokotoe mvua za mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Nilituma kazi Jumatatu. Leo Alhamisi bado inasoma PD (yaani inasubiri), na pembeni yake "Priority". Rafiki yangu wa kikundi kingine alituma Jumatano jioni, usiku huohuo yake ikaanza. Huko nako mpaka ujuane na mtu?*

Marahaba mwanangu. Hakuna wa kujuana naye. Umefanya vizuri kuambatanisha skripti, lile faili la maagizo ya kazi, maana jibu limo humohumo, mstari wa nne: --time=72:00:00, yaani umeomba saa 72. Na kwenye barua umeniambia mwenyewe kuwa jaribio la mwisho lilichukua saa tano. Hizo 67 nyingine ulikuwa unamwombea nani?

Mimi nimekulia Kibosho, na maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, nimeyagombania kabla sijaiona kompyuta. Tuseme zamu ya mwenye shamba kubwa la migomba inaanza saa sita, na aliyemtangulia kamaliza saa tano na nusu. Hapo katikati maji yanapita bure. Bibi mwenye matuta mawili ya mchicha akisema "nipeni dakika ishirini tu", anapewa, kwa sababu kila mtu anaona atamaliza kabla ya saa sita. Wewe umesimama nyuma ya bibi unasema unataka siku tatu. Nani akufungulie?

Slurm, programu inayopanga foleni yenu, inafanya hivyohivyo. Wakati inakusanya nodi, yaani kompyuta moja moja zinazounda ile kubwa, kwa ajili ya kazi kubwa iliyo mbele, inachungulia nyuma kutafuta kazi ndogo itakayoisha kabla nodi hizo hazijahitajika. Inaamini muda ulioandika, haina namna ya kujua kwamba kweli yako ni saa tano. Rafiki yako nadhani aliomba saa mbili au tatu, akapenya.

Andika saa 7. Tano kamili usiandike, maana muda ukifika kazi inakatwa hata kama zimebaki dakika mbili, na saa zilizokwisha kutumika hazirudi.

Kuhusu hilo neno: "Priority" maana yake mbele yako zipo kazi zenye uzito kuliko yako. Ungeona "Resources" ungejua uko mlangoni, unasubiri tu nodi ziachwe. Na kwenye vituo vingi uzito huo unatokana pia na kiasi ambacho kikundi chenu kimetumia siku za karibuni. Kikundi, si wewe. Kama mwenzako wa maabara alikesha wiki nzima akikokotoa, mnalipa wote. Deni hilo linayeyuka lenyewe: wasimamizi wa kompyuta wasipobadilisha mpangilio wa Slurm, linapungua nusu kila siku 7. Saa 4,000 za wiki hii wiki ijayo zinahesabiwa 2,000, inayofuata 1,000. Mzee wa mfongo wetu alikuwa na hesabu ya namna hiyo kichwani, ila yeye hakusahau upesi hivyo, na aliyekosa siku ya kuzibua mfongo alitozwa pombe.

Ukitaka kukisia lini utaanza, andika squeue --start. Ni makisio, usiyapangie safari. (Wanaotumia Lengau, kompyuta kubwa ya Cape Town, jina ambalo kwa Kisetswana ni duma, wao wako kwenye PBS, programu nyingine ya foleni, kwa hiyo foleni wanaitazama kwa qstat. Ushauri wa muda ni uleule.)

*Mimi ni mtafiti, Tengeru. Programu yangu inatumia kiini kimoja tu cha prosesa. Ilikwenda saa 10, nikakatwa saa-kiini 1,280 (saa-kiini ni kiini kimoja kwa saa moja). Nimeibiwa?*

Hujaibiwa. Umekodi Coaster nzima kutoka Tengeru hadi mjini ukakaa kiti kimoja. Nodi yako ina viini 128, umepewa yote peke yako, na 128 mara 10 ni hiyohiyo 1,280. ARCHER2, kompyuta kubwa ya Edinburgh yenye nodi za viini 128, wala haihangaiki kuhesabu viini: nodi nzima kwa saa moja ni CU 1 (CU ni kipimo chao cha kutoza), uitumie usiitumie. Kusubiri foleni hakutozwi popote ninapopajua.

Andika seff halafu namba ya kazi, kama kituo chenu wameiweka. Nakutabiria utaona ufanisi wa asilimia 0.78. Ndiyo moja kugawa kwa 128.

Usione haya. Mwaka wangu wa kwanza niliomba nodi 4 za viini 16, programu yenyewe haijui kugawana kazi hata na kiini cha pili. Nikaituma Ijumaa jioni, nikaenda harusini. Jumapili jioni: 4 mara 16 mara 48, saa-kiini 3,072, na zilizofanya kazi kweli ni 48. Mkuu wangu alichapa hesabu ile akaibandika mlangoni kwa chumba cha mashine. Ilikaa pale mpaka kona zikajikunja.

Sasa, umesema una mafaili 200 ya kuchakata moja moja. Jaza Coaster: endesha 128 kwa mpigo ndani ya nodi ileile. Kwanza pima memori, kwa sababu nodi ya gigabaiti 256 ikigawanywa kwa 128 kila moja inabaki na 2 tu, tena pungufu kidogo. Zisipotosha, endesha 60. Kama kituo kina foleni ya nodi za kuchangia, omba kiini kimoja huko, lakini usiombe memori ya kujionyesha: wengi wao, ukichukua nusu ya memori ya nodi wanakutoza nusu ya viini, kwa kuwa hakuna mwingine atakayeweza kuvitumia.

*Umeme ukikatika Njiro, kazi yangu inakufa?*

Ukiituma kwa sbatch, amri ya kuingiza kazi kwenye foleni, haifi. Iko kwenye foleni yao, laptopu yako ilikuwa dirisha tu. Ila kama umeingia kwa ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, ukaanza kuiendesha palepale kwenye mashine ya mapokezi, itakufa na muunganisho, na usipokufa umeme wasimamizi wataiua wenyewe, na barua pepe yao haitakuwa ya salamu.

Umeme ukirudi andika squeue --me. Kazi isipokuwemo, sacct itakuambia iliishaje: COMPLETED, TIMEOUT au OUT_OF_MEMORY. Ukikuta hiyo ya tatu niandikie, na unitumie skripti yenyewe, si picha ya skrini uliyoipiga kwa simu ukiwa kwenye bodaboda.